Picha ya bahari kwenye kanvasi: dalili, chanzo na dawa

Kanvasi yangu ya kwanza ya bahari ilirudi na mistari angani. Nikamlalamikia mpiga chapa, naye kwa ustaarabu wake akanichapia nyingine bure. Mistari ikarudi palepale, juu kidogo ya jua, haikusogea hata unywele. Ndipo nikafungua faili langu na kulikuza. Ilikuwemo humo tangu mwanzo.

Picha ya soko au ya msitu ina vurugu nyingi, na vurugu huficha kasoro. Bahari haifichi. Ina anga laini isiyo na kitu, mstari mmoja unaotoka ukingo hadi ukingo, na povu jeupe pee, vyote juu ya kitambaa kilichofumwa na kuvutwa kwa nguvu kwenye mbao. Kasoro ndogo inayosameheka kwenye picha ya harusi, hapa inakutazama kila unapopita sebuleni.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta dawa, jua kosa limeingilia mlango gani: kamera, faili, printa, fundi wa fremu, au ukuta wenyewe. Vipimo viwili vinatosha kwa mengi. Kwanza, fungua faili kwa asilimia 100, yaani pikseli moja ya picha kwa pikseli moja ya skrini, na uangalie sehemu ileile yenye kasoro. Pili, kama bado una shaka, kata kipande cha sehemu hiyo, kigeuze nyuzi 90, kisha kichapwe kwenye kanvasi ileile. Kasoro ikigeuka pamoja na picha, imo kwenye faili. Ikibaki na mwelekeo wake wa awali, ni ya printa. Kipande cha upana wa viganja viwili kinakuokolea kanvasi nzima.

Picha imetoka nyeusi kuliko ilivyokuwa kwenye skrini

Hili ndilo lalamiko namba moja, na mara nyingi mkosaji ni skrini. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe. Kanvasi inasubiri mwanga wa chumba iurudishe. Skrini nyingi hutoka dukani zikiwa kali mno. Kwa kazi ya kuchapa, watu huishusha hadi kati ya 80 na 120 cd/m² (kandela kwa mita ya mraba, kipimo cha mwanga wa skrini), kiasi ambacho siku ya kwanza utaona kama skrini inakufa. Vumilia, macho yatazoea.

Huna kifaa cha kupimia? Fungua ukurasa mweupe mtupu kwenye skrini, kando yake shika kipande cha kanvasi isiyochapwa chini ya taa unayofanyia kazi. Ukurasa uking'aa kama taa na kanvasi ikaonekana kama kitambaa cha vumbi, shusha mwanga wa skrini mpaka viwili hivyo vikaribiane. Kisha rudi kwenye picha yako ya machweo. Utashtuka ulivyokuwa umeitia giza bila kujua, kwa sababu skrini ilikuwa inakuongezea mwanga ambao haumo kwenye faili. Histogramu, ile grafu ya giza na mwanga vilivyomo kwenye faili, haidanganyiki na mwanga wa skrini, itazame.

Kuna weusi wa aina nyingine, ule wa miamba iliyolowa maji. Picha kwa jumla iko sawa lakini miamba ya mbele imekuwa donge moja la mkaa. Hapo chanzo ni kanvasi yenyewe: weusi wa kanvasi isiyong'aa si mzito kama wa karatasi ya kung'aa, kwa hiyo vivuli vya chini kabisa humezana. Tengeneza utepe wa miraba sita yenye thamani za 0, 5, 10, 15, 20 na 25 (0 ni nyeusi kabisa, 255 ni nyeupe kabisa), uchapwe kwenye kanvasi hiyohiyo. Utazame mchana, kivulini. Mraba wa kwanza unaoweza kuutofautisha na ule wa 0 ndio sakafu yako. Ikiwa ni 15, basi kila unachotaka kionekane kwenye mwamba, ufa, konokono, mwani, kiinue juu ya 15. Chini ya hapo hakuna atakayekiona, hata wewe.

Na kabla hujainua chochote, ipeleke kanvasi karibu na dirisha. Ikipendeza hapo na kufifia ukutani, tatizo ni taa ya ukuta. Nunua taa, acha picha.

Feruzi imekuwa kijivu, bluu imekuwa zambarau

Maji ya kina kifupi yenye jua hutoa feruzi ambayo skrini inaionyesha vizuri na wino hauifikii. Si uzembe wa mtu. Rangi hizo ziko nje ya uwezo wa wino na kanvasi, na printa inalazimika kuziweka kwenye rangi ya karibu yake. Swali ni nani anachagua hiyo ya karibu, wewe au mashine.

Omba profaili ya rangi, yaani faili dogo linaloeleza rangi zinavyotoka, ya kanvasi na printa itakayotumika, uiweke kwenye programu yako, kisha washa uhakiki wa chapa, yaani skrini ikuonyeshe picha itakavyotoka kwenye kanvasi. Hapo picha itapoa ghafla mbele yako. Inaumiza, lakini ni bora uumie kwenye skrini kuliko ukutani. Programu itakupa pia njia za kuzishusha rangi zilizozidi. Njia moja hubana rangi zote kwa pamoja ili mabadiliko kutoka rangi hadi rangi yabaki laini. Nyingine huacha zilizo ndani kama zilivyo na kukata zilizo nje tu. Kwa maji ya feruzi yanayofifia taratibu kuelekea kwenye bluu, mimi huanza na ile inayobana, kwa sababu ile inayokata huweza kuacha bapa la rangi moja mahali palipokuwa na kina cha maji. Jaribu zote mbili, ni suala la kubofya tu.

Sasa tofautisha dalili, maana hapa watu wengi hupotea. Ikiwa feruzi peke yake imefifia na mchanga, miamba na mawingu viko sawa, ni hilo nililolieleza. Ikiwa picha nzima imepauka, mpaka ngozi ya mvuvi na mbao za mtumbwi, faili limesomwa kwa lugha isiyo yake: umetuma Adobe RGB kwa mtu anayepokea sRGB (mifumo miwili tofauti ya kuandika rangi), au profaili imedondoka njiani wakati wa kuhifadhi. Badilisha faili kuwa sRGB, ukiiambatanisha profaili, utume upya. Ikiwa kila kitu kimeegemea upande wa waridi, mara nyingi programu na printa zote mbili zimerekebisha rangi, moja baada ya nyingine. Mpishi mmoja atoshe: chagua programu isimamie rangi, na marekebisho ya rangi ya printa yazimwe.

Zambarau ni kesi yake. Wino hupata bluu kwa kuchanganya siani (bluu ya kijani) na majenta (waridi kali), na majenta ikizidi kidogo tu, bahari yako ya kina inakuwa juisi ya zabibu. Ukiwa umewasha uhakiki, sogeza bluu peke yake hatua chache kuelekea siani, mpaka izaliwe upya kuwa bluu. Kwenye skrini ya kawaida itaonekana imezidi ukijani. Usiijali skrini ya kawaida.

Kama rangi ni ya hudhurungi au ya waridi na imo kwenye faili tangu kwenye kamera, shuku kichujio cheusi kilichotumika kurefusha muda wa picha. Baadhi ya vichujio vya hatua 10 (kila hatua hupunguza mwanga kwa nusu) huziba mwanga unaoonekana na kuachia ule mwekundu wa mbali upenye. Piga picha moja bila kichujio mahali palepale, ulinganishe. Kwenye faili la RAW, yaani data ghafi ya kamera, mara nyingi mizani ya weupe (marekebisho ya kufanya nyeupe iwe nyeupe) inamaliza kazi.

Mistari na pete angani

Narudi kwenye mistari yangu. Kuna jamii mbili, na zinatambulika kwa umbo.

Ya kwanza hufuata mwanga. Hulizunguka jua kama maganda ya kitunguu, au hulala kama ngazi pana zenye mipaka isiyonyooka sana. Hiyo ni ya faili. Faili la biti 8 lina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Anga laini ya alfajiri huenda ikatumia ngazi kutoka 180 hadi 210 peke yake, yaani ngazi 30. Zitandaze ngazi 30 juu ya anga yenye kimo cha sentimita 60 kwenye kanvasi, kila moja inapata sentimita 2. Jicho linaiona sentimita 2 bila miwani. Ukiwa umeongeza utofauti wa mwanga kwa nguvu, ngazi zenyewe zinaachana na mambo yanazidi.

Dawa inaanza kwenye RAW. Fanya marekebisho yote kwa biti 16, hifadhi kama TIFF, faili lisilopoteza kitu kwa kubanwa, na kama mpiga chapa anaipokea, mtumie hiyohiyo. Kubadilisha JPEG iliyokwisha haribika kuwa biti 16 hakurudishi chochote. Ni kumimina maji ya kikombe kwenye pipa ukitegemea yajae. Kama JPEG ndiyo pekee uliyo nayo, ongeza chembechembe laini kwenye anga peke yake, asilimia 1 au 2. Kwenye skrini utaona kama umeichafua. Kwenye kanvasi, ufumaji wa kitambaa unazimeza chembe hizo na mipaka ya ngazi inavunjika. Kanvasi yangu ya tatu ilitibiwa hivyo, na hakuna mgeni aliyewahi kuuliza.

Ukiona badala yake vigae vidogo vya mraba, hasa pembeni mwa mawingu, hiyo ni JPEG iliyobanwa mno. JPEG hugawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8, na ubanaji ukizidi miraba inajitokeza. Tafuta faili la awali, si lile lililopita kwenye simu za watu.

Jamii ya pili ya mistari imenyooka kama rula, iko sambamba, na ina nafasi sawasawa kutoka juu hadi chini au kushoto hadi kulia. Haijali jua liko wapi. Hiyo ni ya printa: nozeli (vitundu vya kutolea wino) zilizoziba, au kanvasi inasogezwa kidogo mno au kupita kiasi kila kichwa cha printa kinapovuka. Chapa karatasi ya kukagua nozeli, safisha kichwa, sawazisha mwendo wa kanvasi, na uchague ubora wa juu ili kichwa kipite mara nyingi zaidi mahali pamoja. Ukichapisha kwa mtu, mpelekee picha ya karibu ya kasoro yenyewe pamoja na kile kipande kilichogeuzwa nyuzi 90. Ugomvi unaisha hapo.

Duara za kijivu zilizofifia angani si ndege wa mbali. Ni vumbi kwenye sensa, bapa la kamera linalopokea mwanga, linaloonekana zaidi tundu la lenzi likiwa dogo kama f/16 au f/22. Ongeza utofauti wa mwanga kupita kiasi kwa muda, zitajitokeza zote, zifute, kisha rudisha ilivyokuwa.

Upeo wa macho umeinama, au umepinda

Usibishane kwa macho. Chukua rula, pima kutoka upeo hadi ukingo wa chini, kushoto na kulia. Kwenye kanvasi ya sentimita 100, mwinamo wa nyuzi 1 unatoa tofauti ya karibu milimita 17. Nusu nyuzi inatoa karibu milimita 9, na hiyo mtu anaiona akiwa mlangoni, ingawa hajui anachokiona. Atasema tu picha "haikai vizuri" na kwenda kuigusa fremu.

Pima kwanza kwenye faili. Likiwa sawa, hamia kwenye fremu: pima pembe hadi pembe, mara mbili, kwa mshazari. Fremu ya 60 kwa 90 inatakiwa itoe sentimita 108.2 pande zote mbili. Zikitofautiana, kona za fremu si pembe mraba, na hakuna namna ya kuvuta kanvasi itakayoiponya. Zikilingana, basi kanvasi ilikazwa kwa mshazari.

Onyo moja kuhusu faili: usinyooshe picha kwa kufuata ufuo. Ufuo unaokwenda mbali huinama kwa haki yake. Kinachotakiwa kuwa mlalo kamili ni mstari wa maji na mbingu huko mbali peke yake.

Mpindo una sura mbili. Upinde mmoja mpana, wa picha nzima, mara nyingi ni wa lenzi pana. Upeo ukiwa juu ya katikati unainuka mgongo, ukiwa chini unabonyea. Programu zina marekebisho ya lenzi yanayoondoa hilo kwa mbofyo mmoja. Lakini mpindo ukiwa wa vijiwimbi vifupi karibu na kingo, huyo ni fundi: amekaza pini moja kuliko jirani yake. Ng'oa pini, anza upya. Pini ya kwanza katikati ya upande mmoja, ya pili katikati ya upande unaoutazama, kisha pande mbili zilizobaki, halafu tembea kutoka katikati kwenda nje kwa zamu. Kona ni za mwisho. Anayeanza na kona anajitafutia kazi.

Mpiga picha Mjapani Hiroshi Sugimoto amekuwa akipiga picha za bahari tangu 1980, maji nusu na mbingu nusu, upeo ukikata katikati kabisa. Ukitaka utunzi wa namna hiyo kwenye kanvasi, mwambie fundi mapema, kwani milimita 3 tu zinatosha kuuharibu.

Kingo zimemeza picha

Mbao za unene wa sentimita 4 hula sentimita 4 za picha kila upande. Sura ya 60 kwa 90 inahitaji picha ya 68 kwa 98, na juu ya hapo ziada ya kitambaa cha kubana nyuma. Kama hukuacha nafasi wakati wa kupiga, kingo zinaweza kuakisiwa kama kwenye kioo. Upeo ulionyooka huakisika vizuri. Ngalawa iliyokatwa nusu au wimbi la mshazari hutengeneza umbo la paa la nyumba, kituko kitupu. Kwa picha hizo, omba kingo za rangi moja.

Haina ukali

Watu hukimbilia kulaumu pikseli. Kamera ya megapikseli 24 hutoa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Kwenye upana wa sentimita 100 hiyo ni pikseli 60 kwa sentimita, na kwa kitambaa kilichofumwa zinatosha. Tazama ukungu umekaa vipi. Miamba mikali na maji yaliyotandazika kama pamba ni muda mrefu wa picha, na huenda ndicho ulichokitaka. Kila ukingo ukionekana mara mbili, tripodi ilisogea: wimbi linaporudi huchukua mchanga chini ya miguu yake, na ndani ya sekunde 30 inazama kidogo bila wewe kuhisi. Ikanyage iingie mchangani kabla ya kupiga. Mabaka yenye mng'ao, mahali hapa na pale, ni matone ya chumvi juu ya kichujio. Kuyafuta kwa kitambaa kikavu ni kuyapaka. Yaoshe kwanza kwa maji kidogo yasiyo na chumvi. Na kama picha nzima ni laini kwa usawa huku data zikisema f/22, tundu limekuwa dogo mno mpaka mwanga unatawanyika. Rudi f/8 au f/11.

Kama faili ni kali na kanvasi ni laini, ongeza ukali kwa ajili ya kanvasi, zaidi ya unavyofanya kwa karatasi. Lakini uache anga nje ya hesabu hiyo.

Povu limeungua

Pikseli ikifika 255 kwa rangi zote, printa haiweki wino kabisa. Unachokiona pale ni kitambaa kitupu, na ukipaka vanishi ya kung'aa, sehemu hizo hung'aa tofauti na zenye wino. Shusha weupe wa juu kabisa uwe karibu na 245. Kama povu bado lina umbo kwenye RAW, litarudi. Kama halina, hakuna cha kurudisha. Mpiga picha Mfaransa Gustave Le Gray alikabiliana na jambo la jinsi hii miaka ya 1850: mbingu na maji havikukubali mwanga mmoja, kwa hiyo baadhi ya bahari zake alizichapa kwa negativu mbili. Nawe piga mbili, moja kwa ajili ya anga na povu, moja kwa ajili ya miamba, uziunganishe mezani.

Ilikuwa nzuri, imeharibika ukutani

Imelegea? Pamba hulegea na kukaza kufuatana na unyevu wa hewa. Kama fremu ina nafasi za kabari kwenye kona, zigonge kidogokidogo, zote nne, usiimalize moja kwanza. Fremu isiyo na kabari inarudi kwa fundi.

Imekuwa na utando wa maziwa? Vanishi ilipakwa wino haujakauka, au siku ya unyevu mwingi. Wino uachwe walau saa 24 kabla ya vanishi. Weupe umegeuka njano? Kanvasi nyingi hung'arishwa kwa kemikali zinazochakaa kwa mwanga; bahari yenye povu jingi idai kanvasi isiyo nazo. Rangi zikififia upande wa dirisha, uliza kama wino ni wa pigimenti (chembe za rangi zisizofifia upesi), na uiondoe picha juani kwa vyovyote vile. Kutu ikijitokeza mgongoni, ni pini. Karibu na bahari tumia za chuma cha pua, na ubandike vipira vidogo kwenye kona za nyuma ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta, la sivyo ukungu utaanza.

Nyufa kwenye kona ndizo zisizo na tiba. Wino ulikunjwa ukiwa mkavu na baridi, bila vanishi inayonyumbulika, na kupaka rangi juu ya ufa kunautangaza zaidi. Chapa upya, kanvasi ipakwe vanishi, iachwe ikauke, ipashwe joto la chumba, ndipo ikunjwe.